Siku Mbuzi Walipolamba Mboji ya Damari

Wanangu, kazini nimeshtuka mara nyingi kuliko nilivyosifiwa, na karibu kila kilichonishtua kilikuwa kimejificha ndani ya lundo la mboji. Kwa hiyo nyinyi mnaokuja kwangu na simu mkononi, mnataka niwaeleze haraka haraka jinsi ya kutengeneza mboji ili mkairushe mtandaoni, kaeni kwanza. Chai ipo. Haraka yenu ndiyo itakayowaunguzia mazao.

Mimi nilikuwa bibi shamba. Nilitumwa vijijini, upande wa barabara ya Bahi, nikakae na wakulima, na nilipewa pikipiki ya ofisi ambayo niliisukuma zaidi ya nilivyoipanda. Nimezaliwa Dodoma mjini, kwenye nyumba ya duka. Wazee wetu walifika huku na misafara ya biashara, wakaishia kuuza vitambaa na tende, na sijasikia kwamba kuna hata mmoja wao aliyewahi kushika kinyesi cha ng'ombe kwa hiari yake. Shangazi yangu aliposikia nimepangiwa kazi gani alishika kichwa. "Zuhura, tumekusomesha ili ukakoroge samadi?" Tangu siku hiyo kila nikirudi nyumbani nilipitia mlango wa uani, na ndoo ya maji ilikuwa inanisubiri.

Mshtuko wa kwanza nilipewa na mkuu wangu, Bwana Hezron, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Alinipeleka kwenye lundo lililofunikwa majani makavu, wanakijiji wamejaa, akaniambia, "Ingiza mkono."

Nikaingiza mpaka kwenye kiwiko. Yallah! Ndani kulikuwa na moto. Niliruka, nikapiga yowe, na kabla mtu hajanieleza kitu nilikuwa nimeshachukua chupa yangu ya maji ya kunywa nikalimwagia lundo yote, nikidhani linataka kuwaka. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Hezron alinisubiri nimalize kuzima moto wangu, akasema kwa upole kabisa, "Sasa umeelewa. Lundo lisilo na joto ni takataka tu."

Hilo joto ndilo linaloua mbegu za magugu. Mkulima wa huku akikuambia samadi inaleta magugu, hakudanganyi. Anachota samadi mbichi zizini anaimwaga shambani, na kila mbegu aliyokula ng'ombe inaota. Akikuambia inaunguza mtama, hapo pia anasema kweli, maana samadi mbichi na jua la Dodoma ni mambo ya kuogopa. Dawa yake ni kuipika kwanza. Panga mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, kisha maji, halafu rudia. Chomeka kijiti kirefu katikati na ukiache humo. Siku ukikichomoa, kishike. Kikiwa cha moto na kina unyevu, mshukuru Mungu. Kikiwa cha moto na kikavu, ongeza maji na ugeuze. Kikiwa baridi na kinanuka kama choo, umeshindilia mno, hakuna hewa. Wala usijenge lundo juu ya ardhi kama wanavyofanya kule kwenye mvua za kutosha. Huku kwetu upepo utakunyang'anya maji yote. Chimba shimo lisilo refu sana, pikia humo.

Kuhusu mchwa nitawaambia, ingawa nikikumbuka bado naona haya. Kuna mwaka tulitarajia wageni wa wilaya waje kuona lundo la mfano. Lilikuwa kubwa, limekaa vizuri, limefunikwa. Nami, kwa kutaka wote wanisikie, nikapanda juu yake nikaanza, "Ndugu wageni." Sikufika mbali. Miguu ilizama, nikashuka mpaka kiunoni, vumbi likapanda, nikabaki nimesimama ndani ya lundo kama mtu aliyepandwa. Mchwa walikuwa wamelila lote kwa ndani wakaacha ganda. Nilikuwa nimeduwaa kiasi kwamba mgeni mmoja aliponipa mkono anivute, mimi nikamsalimia.

Mchwa hupenda mabua makavu. Lundo ambalo mmelijaza mabua matupu, bila maji na bila samadi ya kutosha, ni karamu mliyowaandalia wenyewe. Likipata unyevu na joto hawalipendi. Na mkiwa na wasiwasi, nyunyizeni majivu chini na pembeni. Hayo majivu yakumbukeni, maana ndiyo yaliyotuponza kwa Damari.

Damari alikuwa mjane. Shamba alilokuwa akililima lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe, na lilikuwa limechoka kweli kweli. Kila mwaka walikuwa wakiberega, yaani wanakwangua majani juu juu, wanachoma, wanasia mbegu bila kulima, basi. Ardhi ilikuwa nyeupe na ngumu, mvua ikinyesha maji yanatiririka kwenda zake. Shemeji yake, Eliya, mdogo wa marehemu, alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema, "Shamba limekufa hili. Linatoa mabua tu. Watu wa mjini wanatafuta viwanja mpaka huku, tuuze tugawane."

Wazee hawakutaka kumfukuza mjane moja kwa moja. Wakakata shauri kwamba apewe msimu mmoja. Shamba likimlisha yeye, watoto, na mama mkwe wake mpaka mvua nyingine, libaki mikononi mwake. Lisipowalisha, linauzwa. Mama mkwe huyo, Bibi Melea, mama yake Eliya, alikuwa akiishi kwa Damari na kula kwenye chungu cha Damari. Kwenye kikao alikaa akisuka ukili wake. Hakuna aliyemuuliza neno.

Siku ya pili yake Damari alinifuata ofisini kwa miguu. Alisimama mlangoni, vumbi mpaka magotini. "Shikamoo, bibi shamba. Nataka kupika udongo."

"Marahaba. Umesema kupika?"

"Si ndivyo mnavyosema? Nipikie nione, halafu nitapika mwenyewe."

Wanangu, yule mama alifanya kazi. Samadi aliomba kwenye mazizi ya watu akaibeba kichwani kwa karai. Maji yalikuwa ya mbali, kwa hiyo alitumia ya kuoshea vyombo na ya kuoshea mtama, hakuna tone lililomwagwa uani kwake. Alichimba mashimo ya kupandia shamba zima wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kama sakafu, akisubiri kuyajaza mboji kabla ya mvua. Nilimwambia kuhusu mchwa na majivu. Akaniambia ya jikoni kwake hayatoshi, lakini nisiwe na wasiwasi, atapata mengine. Nikampongeza.

Nilirudi mawingu yalipoanza kujikusanya. Kwa mbali niliona lundo lake limekuwa jeupe kwa juu, nikafurahi. Mboji inayoiva kwa joto hufanya ukungu mweupe kama unga, ni dalili nzuri. Nikaanza kushuka kwenye pikipiki nikipiga vigelegele, halafu nikaona mbuzi.

Mbuzi wamelizunguka lundo. Wa Damari, wa jirani, na wengine sikujua wametoka wapi. Hawakuwa wanakula majani. Walikuwa wamepiga magoti ya mbele, wanalamba. Wanalamba mboji kwa bidii, macho wamefumba.

Vigelegele viliniishia mdomoni. Tangu lini mbuzi akalamba mboji? Nilisogea, nikachukua kidogo cha ule weupe kwa kidole, nikauweka ulimini.

"Damari! Hii ni chumvi!"

"Chumvi ya wapi?"

"Majivu ulitoa wapi?"

Akanitazama kama haelewi ninachogomba. "Kwa wale wamama wanaochemsha chumvi kule mbugani. Wana majivu mengi, walinipa magunia."

Nilikaa chini palepale. Kule mbuga ya Bahi, kiangazi, kuna akina mama wanaokwangua udongo wa chumvi, wanauchuja kwa maji, wanayachemsha yale maji vyunguni mpaka chumvi ibaki. Vyungu vinafurika, vinapasuka, maji ya chumvi yanamwagikia motoni. Majivu ya meko hayo ni chumvi na majivu nusu kwa nusu. Maisha yangu yote nimesema majivu, majivu, na haijawahi kunipitia akilini kumuuliza mtu majivu ya meko gani. Mahali pengine nani angeuliza? Lakini Bahi!

Damari alipoelewa hakulia. Alishika mdomo, akayatazama mashimo yake matupu shamba zima, kisha akalitazama lundo. "Mvua inakuja," akasema. Basi. Nami nilijua akiitia mboji ile kwenye mashimo, mtama utachomoza, utakunjika, utakauka, na Eliya atakuja na kamba ya kupimia.

Tulichofanya ni hiki, na mkikutana na mboji yenye chumvi mfanye hivyohivyo. Chumvi huyeyuka ikafuata maji. Tulilifumua lundo lote, tukalitandaza jembamba kwenye mchanga wa mteremko, kando ya korongo, ili mvua za kwanza ziioshe mboji na maji yapenye kwenda zake. Ndiyo, kuna rutuba iliyoondoka nayo, lakini heri kupoteza kidogo. Mashimoni Damari akasia mtama na kunde bila mboji, mvua ilipoanza tu, kwa sababu huku ukipitwa na mvua ya kwanza umepitwa na mwaka. Akayafunika mashimo na mabua ili udongo usikauke.

Kisha kila mvua ikikatika tunaenda kuonja. Mimi na Damari, watu wazima, tumechuchumaa korongoni tunalamba udongo. Waliotuona walipita upande wa pili wa njia. Damari alikuwa na kipimo chake cha ziada, anawaleta mbuzi. Mbuzi wakisimama kulamba, anawafukuza anasubiri. Siku mbuzi walipopita juu ya ile mboji bila hata kuinamisha shingo, akapiga makofi. "Imekubali!"

Mtama ulikuwa umefika magotini. Tukachimbua kidogo pembeni mwa kila shina, siyo kwenye shina lenyewe, kiganja kimoja cha mboji, fukia, rudishia mabua. Usiiache mboji juani, mboji iliyoachwa juani ni jasho la bure. Iliyoiva mtaijua kwa harufu, inanukia kama ardhi ikipata mvua ya kwanza, na huwezi tena kutambua lipi lilikuwa bua na ipi ilikuwa samadi.

Shamba liliwalisha. Halikumwaga, sitaki kuwadanganya, lakini mtama kihengeni haukuisha mpaka mvua nyingine. Eliya alinyamaza. Damari hakuchoma tena bua hata moja. Kila kiangazi alipika mboji nyingine, kwa majivu ya jikoni kwake tu, na msimu hadi msimu ule udongo mweupe ukawa mweusi, ukachangamka, ukikanyaga unahisi mguu unapokelewa. Nilikuwa nikiwapeleka vijana kama nyinyi wakaone. Kuna waliodhani tumeuleta udongo kwa lori.

Halafu barabara ikaboreshwa, viwanja vikapanda bei, na asubuhi moja Damari akanipigia simu. "Bibi shamba, njoo. Eliya ameleta mnunuzi."

Sikuamini masikio yangu. Neno si lilishapita kwenye kikao? Nilifika nikamkuta Eliya anakunjua kamba, wazee wawili wa ukoo wamesimama wanatazama chini, na bwana mmoja wa mjini, viatu vinang'aa, anaangalia huku na huku. "Mbukwenyi," nikawasalimu kwa Kigogo. Wazee waliitikia kwa sauti ndogo. Eliya akawahi kusema, "Mambo ya ukoo haya, bibi shamba."

Damari akatokea nyuma ya nyumba na mkokoteni wa punda, magunia matupu, na chepe. Hakumsalimu mtu. Akaingia shambani, shimo la kwanza, akaanza kuchota ule udongo mweusi kuutia kwenye gunia.

"Shemeji, unafanya nini?" Eliya akauliza.

"Nahama."

"Na udongo?"

"Ardhi ni ya ukoo, sibishani na mtu. Mliyonipa ni ile," akaonyesha pale njiani, peupe, pagumu, pasipoota hata jani. "Nawaachia. Huu nimeupika mimi. Samadi nimebeba kichwani, maji nimebeba kichwani. Naondoka nao."

Wazee walitazamana. Nami nilishangaa, maana katika kazi yangu yote sikuwahi kumsikia mtu akisema udongo ni wake kama chungu alichofinyanga. Yule bwana wa mjini akacheka kidogo, kwa upole tu, hakuwa mtu mbaya. "Mwacheni achukue. Mimi najenga. Huo wa juu nitauondoa kwa katapila, utupwe."

Utupwe! Wanangu, nimewaambia nimeshtuka mara nyingi. Moto wa lundo, mchwa, mbuzi, vyote viwekeni kando. Hilo neno lilinishtua kuliko yote. Alilisema kama mtu anayezungumzia kifusi.

Damari hakugeuka. Aliendelea kuchota, gunia la pili, la tatu. Ndipo Bibi Melea akatoka ndani. Alikuwa amejifunga blanketi lake, kigoda kwapani, na ungo. Akatembea taratibu mpaka kwenye shimo jirani, akainama, akaanza kuchota kwa viganja kutia kwenye ungo.

Eliya aliiachia kamba. "Mama, na wewe unakwenda wapi?"

"Kunakokwenda udongo."

"Mama, nyumba yangu ipo, si utakuja kukaa kwangu?"

"Kwako nitakula nini?" Bibi Melea akauliza, wala hakuwa na hasira, akaenda kuumwaga ungo wake mkokotenini. Akarudi kuchota mwingine.

Punda alikuwa anatafuna bua. Mmoja wa wale wazee akakohoa, akasema kama anajisemea, "Mnadani watatuuliza. Watasema ukoo gani huo ambao bibi amehama na ungo wa udongo." Nimewaona watu wakishtuka, lakini Eliya alishtuka mpaka nikamwonea huruma. Aliuangalia mkono wa mama yake ulivyokuwa mweusi, akaiangalia kamba chini. Kisha akamfuata yule bwana wa mjini wakanong'onezana, na yule bwana akapanda gari lake akaondoka.

Eliya akarudi akasimama mbele ya mkokoteni. "Shemeji, shusha basi."

Damari akajifuta uso kwa kanga, akachomeka chepe ardhini, akausukumia mpini upande wa Eliya. "Shusha wewe."

Na alishusha. Gunia moja baada ya jingine, shimo moja baada ya jingine, jua limepanda. Alipomwaga ovyo, Damari alimwita, "Changanya na wa chini, shemeji, halafu funika, usiuache juani." Naye akachanganya, akafunika. Bibi Melea alikaa kwenye kigoda chake akimwonyesha kwa kidole shimo alilolisahau, na mimi na Damari tukaingia ndani kukoroga uji.